Mshumaa Miguuni pa Sanamu

San Pedro de Macorís,
Jumapili

Kaka yangu,

Sisi hatujambo, ila paa la jikoni linavuja tena. Redio ilipotangaza kwamba umestaafu besiboli, wanaume pale dukani walilia kama waliofiwa.

Jana walizindua sanamu yako karibu na kiwanda cha sukari. Umeinua gongo la kuchezea, na chini wameandika kwa herufi kubwa: DANILO REYNOSO. Watu wakashangilia. Mimi nilikuwa namtazama Mama.

Unajua kwa nini kaburi la Danilo halina msalaba mpaka leo. Wasaka vipaji walitaka kijana wa miaka kumi na sita, wewe ulishapita umri huo, na Danilo, mdogo wako wa umri huo, tulikuwa tumetoka kumzika. Ukachukua jina lake, nasi tukakatazwa kusema kwamba amekufa. Jina hilo limetulisha sote, kwa hiyo sikulaumu.

Basi Mama akawapita wapiga ngoma, akapiga magoti na kuwasha mshumaa miguuni pa sanamu. Jirani yetu Altagracia akacheka.

"Mama wee! Mwanao yuko New York anakula nyama, unamwashia mshumaa kama maiti?"

"Niache na mtoto wangu," Mama akasema. "Leo ndo kapata msalaba wake."

Wakadhani ni uzee. Lakini njiani akaniuliza, "Na Eladio wangu je, atarudi lini?"

Jina hilo nilikuwa sijalisikia tangu uondoke. Njoo umjibu mwenyewe, Eladio.

Mdogo wako,
Mireya