Baiskeli ya Mwalimu Anastazi

Jumatatu, 4 Aprili 1994
Ekseli ya nyuma bado imegoma. Siku ya tatu nailoweka kwenye mafuta ya taa. Mke wangu Zaina analalamika kwamba chai inanuka karakana. Kweli inanuka. Baiskeli ni ya Anastazi, jirani yangu, mwalimu aliyefiwa na mke. Baba yake aliinunua wakati wa Wabelgiji, kisha ikakaa darini miaka ishirini. Kutu mpaka kwenye kengele. Fundi mwingine wa mtaa huu wa Nyakabanda angeitupa. Mimi nimeshaipenda. Anastazi anakuja kila jioni kuchungulia kama mtu anayesubiri mkewe ajifungue. Nimemfukuza mara mbili. Anarudi akicheka.

Alhamisi, 7 Aprili
Bunduki tangu alfajiri. Redio inasema rais ameuawa, kila mtu abaki kwake. Pale kona wanamgambo wameweka kizuizi, makreti ya bia na magogo. Wanadai vitambulisho. Ambaye chake kimeandikwa Mtutsi hapiti. Cha Anastazi kimeandikwa hivyo. Saa sita mchana aliruka ua wetu, kiatu kimoja mguuni. Nikamficha karakana, nyuma ya rundo la matairi chakavu. Zaina aliongeza maji kwenye sufuria.

Jumamosi, 9 Aprili
Wamemuua fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Panga, halafu rungu, halafu panga tena alipokuwa ameshakufa. Nilitazama kwenye ufa wa mlango. Sikutoka. Naandika nisije nikajidanganya baadaye. Sikutoka.
Kiongozi wao ni Viyateri, muuza makaa. Nimemzibia pancha miaka sita. Kisha akaingia kwangu, panga halijafutwa, akaiona baiskeli.
"Hii igare iko ya mwalimu. Sasa iko yangu. Tengeneza, fundi. Ikiisha nakuja kuchukua."
Akawaambia wenzake mtu asiguse nyumba hii mpaka kazi iishe. Basi haitaisha.

Jumatano, 13 Aprili
Maisha yangu yote nimejisifu kwa wepesi wa mikono. Sasa nikikaza asubuhi, nalegeza jioni. Viyateri akija namwonyesha gololi zilizoliwa na kutu. Leo alinizaba kofi, jino likatoka. Baadaye wakaniletea mapanga saba niwanolee. Niliyanoa. Yote. Anastazi alikuwa hatua tatu nyuma yangu, anasikia. Najichukia.

Jumapili, 17 Aprili
Anastazi anakohoa. Kila akianza, Zaina anatwanga kinu kitupu. Viganja vyake vimechubuka. Anastazi amenong'ona kwamba niwaambie ekseli imepinda. Hata mafichoni anataka kunisimamia kazi! Nilicheka. Barabarani kulikuwa na mwili wa mwanamke, na mbwa.

Alhamisi, 21 Aprili
Niandike haraka, kabla sijaanza kujitetea.
Viyateri alikuja asubuhi na gololi mpya, kazing'oa kwenye baiskeli ya mtu mwingine. Gurudumu lile lilikuwa na damu. Akaketi juu ya meza yangu, panga mapajani, akitazama. Sikuwa na kisingizio tena. Nikafunga ekseli. Nikafika kwenye spoki. Hapo ningeweza kuharibu, muuza makaa asingejua. Lakini mikono ilikwenda yenyewe. Nilizigonga moja moja kwa spana, nikakaza iliyolegea, mpaka zote zikalia sauti moja. Gurudumu likazunguka bila kuyumba hata kidogo. Na nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.
Sijawahi kutoa baiskeli ambayo sijaiendesha mwenyewe. Marehemu baba hakuwahi, mimi sijawahi. Nikasema haijajaribiwa.
"Jaribu," akasema.
Nikapanda. Nikaenda mpaka kizuizini nikageuza. Ilikuwa nyepesi, breki zinashika. Dakika mbili, labda tatu. Nilikuwa nimemwacha Viyateri peke yake karakana.
Niliporudi, matairi yalikuwa yametapakaa uani.

Ijumaa, 22 Aprili
Jana Viyateri na wenzake walimuua Anastazi mlangoni kwangu. Haikuwa haraka. Walianza na miguu. Alimwita mama yake kwa Kinyarwanda, halafu akanyamaza, na wao hawakuacha. Viyateri alinivunja vidole viwili vya mkono wa kushoto kwa nyundo yangu mwenyewe. Wa kulia aliuacha, alisema fundi bado ana kazi. Akaondoka akiendesha baiskeli.
Tumemzika Anastazi nyuma ya jiko. Nilichimba kwa mkono mmoja, Zaina kwa miwili. Zaina alisema neno moja tu siku nzima.
"Ulikwenda wapi?"

Jumanne, 12 Julai
Kimya. Viyateri na wenzake walikimbia mwanzo wa mwezi. Hakuna anayetutisha.
Leo alikuja mwanamke mwembamba, Konsolata, kutoka Gikondo. Dada yake Anastazi. Sikujua kama alisalia mtu upande wao. Nikampeleka nyuma ya jiko nikamwonyesha mahali. Alikaa chini muda mrefu. Kisha akauliza walimpataje.
Ningeweza kusema walimkamata njiani. Zaina alikuwa amesimama mlangoni, hakunitazama. Nikamweleza yote. Mapanga niliyonoa, spoki, na jinsi nilivyofurahi. Hadi kizuizini na kurudi.
Nilipomaliza aliomba maji. Zaina akamletea kikombe. Akanywa yote, akaomba tena.