Baba Alichambua Saladi Yako

Mama,

Krismasi imepita juzi. Nyumba imetulia. Mwanao Deo amemtoa Baba kutembea kidogo, taratibu, mpaka barabarani na kurudi. Mimi nimekaa hapa jikoni kwenye kigoda chako, miguu nimeinyoosha sakafuni. Nilitaka kuanza na salamu nzuri, lakini nimechoka, Mama. Nimechoka mpaka mkono unaoandika.

Tangu tulipokuzika, mambo yamebadilika hapa Mshangano. Nilirudisha kile chumba nilichopanga Bombambili nikahamia nyumbani, maana Baba hakuweza kubaki peke yake. Ule usahaulifu wake, ule tuliokuwa tunaucheka wote watatu akivaa shati nje ndani, umekua. Asubuhi namuogesha, namnywesha uji, namkabidhi kwa Mama Rehema jirani, napanda bodaboda kwenda kufundisha. Jioni narudi naanza upya. Mama Rehema, Mungu amjalie, hajawahi kunikunjia uso. Ananiambia tu, "Mwalimu, nenda kazini, mzee yuko kwangu."

Hizo kazi nimezizoea. Nisichokizoea ni swali lake.

"Skola, mama yako yuko wapi?"

Mwanzoni nilimwambia ukweli. "Baba, Mama alifariki. Tulimzika, na wewe ulikuwepo." Alilia kama mtu anayepata habari kwa mara ya kwanza. Kesho yake akauliza tena, nikamwambia, akalia tena, kilio kilekile kipya. Nilikuzika kila siku, Mama, mpaka nikashindwa. Ndipo nikaanza kumwambia umekwenda sokoni. "Haya," anasema, anakwenda kukaa kibarazani kukusubiri. Siku moja mvua ilianza kunyesha, akaniambia nikupelekee mwavuli. Niliuchukua, nikatoka nao, nikasimama nyuma ya nyumba.

Nilimweleza Deo kwa simu. Akaja juu. "Dada, usimdanganye mzee. Ana haki ya kujua." Sikubishana naye. Yuko Dodoma, na mtu aliye mbali ana nafasi ya kuwa sahihi.

Basi Krismasi ilipokaribia nikaamua: wali, kuku, maharage, soda, imetosha. Saladi yako hapana. Ningeanzia wapi? Ile uliyojifunza Hanga ulipokuwa msichana, ukisaidia kupikia wageni wa watawa: majani mabichi ya saladi, embe, nanasi na papai, vyote kwenye bakuli moja. Nakumbuka majirani walivyokuwa wanacheka, "Kwa mama Skola Krismasi wanakula matunda na majani kama mbuzi," halafu wanaleta sahani. Nakumbuka kanga yako ya njano umeitandaza mezani, majani yamelala juu yake yakikauka, na wewe unanipiga kibao cha mkono kila nikidokoa embe.

Deo na mkewe Neema walifika mkesha wa sikukuu. Siku yenyewe, baada ya misa, tulikuwa jikoni wote, Neema anachagua mchele, Deo anakata kuku, nami nasimamia jiko la mkaa. Baba akatokea mlangoni. Amevaa koti lake la kanisani.

"Skola, majani yameoshwa? Mama yako anataka yakauke kwanza ndiyo achanganye."

Akatuangalia mmoja mmoja.

"Kwani yeye yuko wapi?"

Nilifungua mdomo kusema sokoni. Deo akaniwahi. Alinawa mikono, akamshika Baba mabega, akamwambia vizuri kabisa, kwa upole, sina cha kumlaumu. "Baba, Mama alishafariki."

Baba alikaa chini palepale, kwenye kizingiti. Kilio chake unakijua? Hukijui. Hakuwahi kulia ukiwa hai. Hakina sauti kubwa, ni kama mtu aliyekabwa. Deo naye akaanza kulia, akamkumbatia, wakakaa hivyo na koti la kanisani linagusa matope. Kisha Baba akajifuta, akamtazama Deo usoni kwa mshangao.

"We Deo, unalia nini? Nani kakufanyaje?"

Alikuwa ameshasahau.

Deo aligeuka akanitazama. Tangu simu yetu ile nilikuwa nikingoja siku nitakayomwambia "umeona sasa?" Siku ilipofika, sikuwa na hamu nayo.

Nikachukua beseni nikaenda bustanini nyuma ya bomba. Majani yalikuwepo, yamejiotea vizuri na mvua hizi, konokono tu ndio walioyatoboatoboa. Nilikata. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka Baba awe na kitu cha kushika mikononi. Niliyaosha kwa maji ya chumvi, nikamkalisha kivulini, nikamwekea beseni mapajani.

Mama, Baba alichambua saladi. Baba huyu, ambaye jikoni alikuwa anaingia kuulizia chai tu. Nilimpelekea kisu, akakirudisha.

"Siyo kisu. Kisu kinayatia weusi. Yanachanwa kwa mkono."

Maneno yako yaleyale. Kumbe miaka yote aliyokaa pembeni akilalamika kwamba unamlisha majani, alikuwa anakutazama. Akichukua jani, analigeuza, anatoa palipoliwa, analichana pole pole. Hakuuliza chochote muda wote ule. Neema akamenya nanasi. Mimi nikakata maembe, yale ambayo hayajalainika sana, na papai nikaliacha mwisho lisivurugike. Deo akakamua limau, nikachanganya na asali ya Namtumbo na chumvi kidogo, nikamwagia juu.

Mezani Baba alianza na saladi, wali akauacha. Alitafuna kwa muda mrefu.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini siyo ya mama yako. Yeye alikuwa anaweka karanga."

Nikashusha kijiko. Karanga! Za kukaanga, zilizotwangwa nusunusu. Nilikuwa nimezisahau kabisa, mimi mwenye akili timamu.

"Alikuwa anaweka karanga, marehemu," akarudia, anaangalia sahani yake. Alilitamka mwenyewe neno hilo, wala hakulia. Akasogeza bakuli, akajiongezea.

Sitakudanganya kwamba alipona. Jioni aliuliza tena ulipo. Safari hii mimi na Deo tulitazamana, na hakuna aliyekimbilia kujibu. Ndipo Neema akavuta kiti karibu naye. "Baba, hebu nisimulie, huyo mama ulimpata wapi?" Uso wake ukafunguka. Akasimulia jinsi alivyopeleka mahindi Hanga, akakuta msichana anafukuza kuku kwenye bustani ya mboga, akaacha magunia yake akaingia kukusaidia, na kuku wakamshinda. Hiyo hukuwahi kutusimulia, Mama! Tulicheka mpaka Deo akapaliwa. Baba alisimulia mpaka akasinzia kitini, bila kuuliza tena.

Deo ameomba likizo yake iongezwe, atabaki hapa mpaka shule zifungue. Wamekubaliana na Neema kwamba Pasaka watamchukua mzee akae nao kidogo. Jana nililala mchana. Nililala kama gunia, nikaamka sijui ni saa ngapi, na hakuna mtu aliyekuwa ameniita.

Mvua zikipungua nitakuja kupalilia kaburi lako, majani yameota hata juu ya msalaba. Nitakuja na Baba ikiwa siku hiyo atakuwa na nafuu.

Kwaheri kwa sasa, Mama. Sitakuahidi makubwa, nguvu zenyewe huzioni? Nakuahidi hili tu. Wewe ulinyamaza na maumivu yako, ukapika, ukafua, ukalima, mpaka siku ile ulipoanguka shambani na sisi wote tukabaki kuulizana ulianza kuumwa lini. Mimi nikichoka nitasema. Nitasema mapema, kwa sauti, hata kama watanichoka.

Nawasikia getini. Baba anacheka.

Mwanao,
Skola