Khanga Nyekundu ya Mama

Kariakoo, Dar es Salaam

Kwako kaka yangu Muaz,

Assalaam alaikum. Natumai wewe, wifi na watoto huko Maskati mko salama. Sisi hatujambo. Mama anasumbuliwa na magoti, lakini ulimi wake hauumwi hata siku moja.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akiwasomea wateja majina ya khanga pale dukani? Wasiojua kusoma na wenye macho hafifu walimzunguka, naye akisoma kwa madaha kama yuko harusini. Tangu tumzike, duka limekuwa kimya mno, nami kimya kile kiliniumiza. Ndiyo maana nikatengeneza programu ya simu: unaielekeza kwenye khanga, inakusomea kwa sauti.

Niliipeleka dukani nikijiona fundi. Kumbe nilikuwa nawataka kwanza waandike jina, namba na neno la siri, watu walewale wasiosoma! Bi Josepha, jirani yetu ambaye sasa macho yamemtupa mkono, akaniambia kaja kusikia khanga inasema nini, hakuja kuhojiwa kama yuko polisi. Niliona haya. Nikakaa nao wiki tatu kwenye benchi la Baba, nikayafuta yote yale. Sasa unanyoosha simu tu, inasoma taratibu, kisha inarudia, maana Baba ndivyo alivyofanya.

Jumamosi Mama akaitoa sandukuni khanga yake nyekundu ya uchumba, inanukia udi, akataka isomwe. Tunavyohadithiwa siku zote, Baba alimsomea: "Wewe ndiye tulizo langu." Sijawahi kukwambia, lakini tangu darasa la pili, nilipojua kusoma, najua imeandikwa: "Wivu wako haunitishi." Mama, asiyejua kusoma, alikuwa ameipenda rangi, na Baba hakutaka kumharibia furaha. Nikanyamaza miaka yote hiyo. Na leo nakiri kwako: kwa khanga hiyo moja, nimeifundisha simu kudanganya.

Ikasema maneno ya Baba. Mama akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Josepha alinisomea yaliyoandikwa wiki ileile ya uchumba, macho yake yakiwa bado mazima," akasema. "Sikumwambia baba yako. Hebu irudie."

Nimeirudia mara nne.

Mama anakusalimu sana, na anasema ukija ulete udi, huu wa hapa umekuwa moshi mtupu. Wabusu watoto.

Ni mimi mdogo wako,
Tasneem