Yasin ya Marehemu

Jumatatu, 8 Septemba

Mama mkwe hali tena. Uji vijiko viwili, basi. Jana daktari alinivuta pembeni, akasema tumkalie karibu. Nimeelewa.

Asubuhi kaniita. Anataka siku yake ikifika, asomewe Yasin na mwanawe. Mwanawe! Marehemu mume wangu! "Sauti yake imo kwenye CD. Ninyi mnasoma vizuri, mwanangu, lakini mnasoma kama mnawahi basi." Nimecheka, machozi yakanitoka.

CD alihamia nayo hapa mwezi uliopita, kaifunga kwa kitambaa. Nikaitia kwenye kompyuta, niihamishie kwenye simu nimwekee kitandani. Kompyuta ikagoma. Haioni faili hata moja. Moyo — puu!

Nimempigia shemeji, mdogo wa marehemu, fundi wa kompyuta aliyeniwekea mfumo huu wa Linux. Kacheka weee. Eti CD ya sauti haifunguliwi kama kabati, haina mafaili. Sauti inatolewa kwa programu yake. Angesema mapema!

Jumanne, 9 Septemba

Nimechapa amri aliyonitumia. Jibu: huna ruhusa. Mimi! Ndani ya nyumba yangu! Shemeji akanielekeza nijiandikishe kwenye kundi la wanaoruhusiwa kugusa CD, halafu nitoke, niingie tena. Nikafunga programu, nikafungua. Bado. Kumbe nitoke kwenye akaunti nzima! Akanitania: "Shemeji, nilidhani utatoka nyumbani na mkoba kabisa." Mtovu wa adabu huyu.

Alhamdulillahi, imeanza. Programu inachora kijiuso. Kikitabasamu, inasoma vizuri. Kimetabasamu!

Jumatano, 10 Septemba

Kimenuna. Halafu kikalia — kweli kabisa, chozi kwenye jicho. Nimeipangusa CD. Nimepunguza mwendo wa kuisoma. Nimeswali rakaa mbili. Kinalia tu.

Alhamisi, 11 Septemba

Shemeji kaja na kisomeo kingine cha CD kutoka kazini. Yale yale. Akaipeleka CD dirishani, akainyanyua. Mwanga unapita! Vitundu, kama nguo iliyoliwa na nondo. Utando wa fedha wa juu, upande wenye maandishi, umebanduka. "Mikwaruzo ningepambana nayo, shemeji. Hapa hakuna cha kusoma." Hajui kilichoila. Aliondoka bila utani hata mmoja.

Kilichopona ni cha mwanzo tu. Marehemu anasafisha koo. Bismillahi. Yasin. Kisha kelele za kukwaruza tu.

Anasafisha koo! Nilikaa chini sakafuni.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeiacha programu ijaribu tena tangu alfajiri. Mama sauti inakwisha, nainama ndipo nimsikie. Kauliza kama tayari. Nikasema bado kidogo, mama. Mungu anisamehe.

"Basi niletee. Leo Ijumaa, sijaipaka marashi."

Marashi gani, mama?

Katoa kichupa chini ya mto. Kila Ijumaa, anasema, tangu tumzike. Matone mawili pale juu, kwenye jina lake, anasugua kwa kidole mpaka yaingie. "Maneno ya Mungu hayo. Na mwanangu yumo."

Nimekuja huku mezani, nimemwambia naitoa. Kijiuso kinalia. Ameshafungua kichupa, harufu imefika mpaka hapa.

"Mwanangu, mbona unakawia?"

Nimebonyeza kitufe. CD imetoka. Ninayo mkononi, ina joto bado.