Nani Aonje Kwanza

Basi Dada Vene, tuendelee pale yule muuguzi alipotukata. Nilikuwa nimefika wapi vile? Ehe. Goreti kamimina uji, kaweka kikombe mbele ya Spesioza, kampa mgongo. Palepale mlango ukafunguka: "Mama, saa za kuona wagonjwa zimeisha." Nikasema dakika moja tu, mwanangu, bado neno moja. Wapi! Akanishika bega akanisukuma nje kama mbuzi aliyeingia kanisani. Wewe kitandani ukanyanyua kichwa, sauti yenyewe haitoki, ukaniuliza, "Alikunywa?" Mimi nikacheka, nikakwambia kesho nakuletea mkia wa hadithi.

Kesho yake nikapanda hospitali ya Kibagabaga na ndizi zako kwenye kikapu, na mkia wenyewe mdomoni. Nikakuta kitanda kimetandikwa upya.

Tangu hapo hadithi hii nimeisimulia mtaa mzima wa Remera. Wa dukani wanaijua, wa saluni wanaijua, hata yule mlevi wa Gisimenti asiyenidai neno nimemsimulia. Lakini haiishi kifuani, dada. Ilikuwa yako. Kwa hiyo nakuandikia, na barua naiacha wazi, atakayesoma asome. Mimi siri unajua sina pa kuiweka. Na mwandiko utauvumilia, darasa la tatu la Karagwe ndilo hili.

Lakini kwanza nianzie mbali kidogo, kwa sababu leo nina jambo zito na wewe, na bila ya mwanzo halina miguu.

Unakumbuka siku za kwanza za ateliye, karakana yetu ya kushona? Ule ukumbi nyuma ya maduka, bati linavuja, cherehani zimepangwa kama watoto wa komunyo ya kwanza. Ulisema kila cherehani watakaa watu wawili. Mmoja mkimbizi, Mrundi au Mkongomani, mwingine Mnyarwanda aliyerudi nyumbani baada ya miaka ya ugenini kama sisi. Watu wakakushangaa. Mbona usiwape kila mtu mashine yake ashone, apate, aondoke? Ukawajibu, "Cherehani nitanunua. Jirani nitamnunua wapi?"

Halafu siku ile ya kwanza ukapika! Wali, maharage, mboga za dodo, umeamka kabla ya ndege. Ukapakua jikoni kwa nyuma, sahani moja moja, kila moja na kifuniko chake, ukaziletea kama kwenye harusi. Hakuna aliyegusa. "Asante mama, tumeshiba." Watu waliotoka kambini na wengine kwenye vyumba vya kupanga visivyo hata na jiko, wameshiba! Wakakaa wanaangalia vifuniko. Wewe ukaenda nyuma ya ukumbi ukalia, ukaniambia, "Labda maharage yana chumvi nyingi." Mimi nikala sahani mbili, chumvi ilikuwa sawa.

Jioni ukiwa unaosha vyombo ndipo ukasimama ghafla, mikono imejaa povu. "Mama!" ukasema. "Mama alikuwa anafanyaje mgeni akija?" Tukaangaliana. Mama yetu, kule Karagwe, hakumpa mgeni pombe ya mtama kabla yeye mwenyewe hajainywa, mgeni akiona. Kusogongera, alikuwa anaita. Anayekupa ndiye anaonja kwanza, ili ujue hakuna sumu. Na sisi, watoto tuliolelewa kwenye nchi ya watu, tulikuwa tunaona Mama ana kiu tu! Tukarudi Rwanda na kila kitu, na masufuria, na mikeka, lile tukalisahau njiani. Umewaletea watu waliokimbia watu chakula kilichofunikwa, kilichopakuliwa wasipoona. Nani angekula?

Kesho yake ukaja na jagi moja la uji wa mtama na kikombe chako cha bati, kile chenye kovu jeusi mdomoni. Ukasimama katikati ya ukumbi. Ukamimina, ukanywa wote mpaka chini, ukajifuta. Ukasema, "Nikifa, cherehani mgawane. Nisipokufa, tufanye kazi." Wakacheka, dada. Kicheko cha kwanza mle ndani kilikuwa kile. Na wakanywa.

Ndiyo ikawa sheria ya nyumba. Asubuhi wewe unaonja mbele ya wote. Halafu kila cherehani na jagi lake, anayemimina anakunywa kwanza, ndipo mwenzake. Sare za shule, aproni za wachoma brosheti, mishikaki ile, wa Gisimenti, mashuka, vyote vilianzia kwenye uji. Na mimi kazi yangu ikawa kuzunguka na kuongea, maana wewe ulisema mdomo wangu ni mafuta ya mashine.

Sasa Spesioza. Yeye, Mnyarwanda, aliporudi kutoka misitu ya Kongo alikuwa na binti mmoja na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani ya fundo kiazi kitamu cha kuchemsha, na chupa ya maji yake mwenyewe. Ulimweka na Goreti, yule Mrundi wetu asiyenyamaza hata akiwa na pini mdomoni. Spesioza alishona vizuri, mshono umenyooka kama barabara mpya. Lakini uji hakunywa. Goreti anamimina, anaonja, anasubiri. Spesioza anasema "asante," anafungua fundo lake, anakula kiazi chake peke yake akitazama ukuta. Kila siku ya Mungu.

Goreti mwanzoni alitania. "Sha, mwenzangu, wewe hata mate yangu unayaogopa?" Baadaye hakutania tena. Kwetu huku ukimkatalia mtu kikombe alichokionja mbele yako, umemwita mrogi bila kufungua mdomo. Goreti alikimbia kwao kwa sababu ya maneno ya watu, na sasa amekuja kwetu anaitwa tena mbaya, kimyakimya, mbele ya wote. Nikakuletea habari hospitalini. Nikakwambia, dada, tuwatenganishe hawa, watachomana sindano. Ukasema hapana. "Waache hapohapo. Wanaongea." Nikasema wanaongea nini, wamenuna! Ukasema, "Kununa ni kuongea. Mtu humnunii usiyemjali."

Basi ile asubuhi niliyokuwa nakusimulia. Goreti kamimina, kanywa chake, kikombe cha Spesioza kakiweka kwenye cherehani, kampa mgongo, anashona kwa hasira mpaka uzi unakatika. Mimi niko pale mlangoni, nimenyamaza, ndiyo, mimi, kwa mara ya kwanza. Uji ukaacha kutoa moshi. Halafu Spesioza, akiangalia mikono yake, akasema kwa kile Kiswahili chake cha Kongo, "Mtoto yangu ya kwanza alikunywaka maziwa ya mtu, njiani. Tulikuwa na njaa. Akalala. Hakuamuka."

Miguu yote ikatoka kwenye pedali.

"Si wewe nakatala," akasema. "Ni roho inakatala."

Goreti akageuka. Akachukua kile kikombe cha Spesioza kilichopoa, akanywa tena hata hicho, nusu, taratibu, akimtazama machoni. Akakirudisha.

Alikunywa, Dada Vene.

Alikunywa. Uji unamwagikia kwenye sare ya mtoto wa watu, lakini aliumaliza. Akakaa, anasubiri, kama mtu anayesikiliza tumbo lake. Sisi sote tukasubiri naye. Halafu akafungua fundo lake, akatoa kiazi, akakikata kwa mkono, akauma kipande chake kwanza, akatafuna, akameza. Kingine akampa Goreti. Goreti akala machozi yakimshuka, akasema, "Sha, na kiazi chenyewe kibichi katikati." Tukacheka mpaka tukalia, au tulilia mpaka tukacheka, sijui kilianza kipi.

Huo ndio mkia niliokuwa nao kwenye kikapu na ndizi zako. Mle wodini walinishika mikono, wakaniambia nivumilie, "ihangane, mama, ihangane." Nikawauliza kama uliamka usiku, kama uliuliza neno. Hakuna aliyejua.

Sasa sikiliza la leo.

Baada ya wewe kuondoka wafadhili walileta afisa mpya wa mradi, kijana mmoja anaitwa Egidi. Si mbaya, nakuapia. Viatu safi, heshima ipo, anasalimia hata wanaofagia. Lakini amekuja na mpango. Alisimama pale ulipokuwa unasimama wewe, akasema, "Wakimbizi wakae upande huu, waliorudi wakae upande ule." Akasema fungu la pesa la wakimbizi ni lingine na fungu la waliorudi ni lingine, hayachanganywi. Kwa hiyo wakimbizi watabaki hapa Remera, na waliorudi watahamishiwa ukumbi mwingine, na mashine zao, na mwalimu wao. Kila mtu atapata zaidi, alisema. Labda ni kweli.

Hakuna aliyenyanyuka. Goreti na Spesioza wakabaki kwenye cherehani yao, mmoja kashika kitambaa, mwingine kashika mkasi. Akanigeukia mimi, msimamizi tangu uondoke. "Mama Keza, hebu tuonyeshe mfano. Wewe uko upande gani?"

Dada, mimi! Nimezaliwa mkimbizi, nimeota meno nikiwa mkimbizi, nikarudi nchi nisiyoijua wanaita kwetu, majirani wakanicheka ninavyosema Kinyarwanda. Upande gani? Nikafanya mzaha, nikasema, "Mimi niko upande wa jikoni." Wakacheka, na yeye akacheka, akaandika. Akasema atarudi asikie jibu langu kama msimamizi, na nikikataa, hata kodi ya ukumbi huu hawezi kuahidi. Tulimpa uji. Alishukuru sana. Akafungua begi, akatoa chupa yake ya maji.

Niliona Spesioza anaiangalia ile chupa.

Jibu analifuata leo. Usiku sikulala. Na unajua kinachonisumbua si kukosa maneno, maneno ninayo mpaka ya kukopesha. Ni kwamba ulikuwa unaniambia, "Wewe na mdomo wote huo, siku ya kusema utatafuta mzaha." Na kweli, siku ile niliutafuta. Watu wa ateliye hawakunilaumu, ila Spesioza asubuhi iliyofuata alikuja na fundo lake tena. Hakulifungua. Aliliweka tu juu ya cherehani, pale Goreti alipoweza kuliona. Goreti akaniangalia mimi.

Ndipo nilipoelewa kinachoenda kupotea. Mashine zitapatikana. Spesioza atashona popote utakapomweka, mkono wake haubagui ukumbi. Lakini kule kwingine nani atakunywa nusu ya kikombe chake akimtazama machoni? Na Goreti, nani mwingine atampa kiazi kibichi?

Na jambo jingine, dada, hili ni langu na wewe. Tangu uondoke hakuna aliyesimama katikati kuonja mbele ya wote. Kikombe chako nilikitundika kwenye msumari, nikasema ni cha Vene. Kila cherehani wanaonjeana wenyewe, lakini ule wa kwanza, wa wote, hatuufanyi. Wananisubiri mimi. Mimi najifanya nina haraka, natafuta uzi, natafuta miwani ambayo sina. Kuonja pale mahali pako ni kukubali kwamba hurudi.

Leo asubuhi nimekishusha. Nimekisugua na jivu, lile kovu halitoki, nimeliacha. Goreti anapika uji huko nyuma, Spesioza ndiye anakoroga, nawasikia wanagombana kuhusu sukari. Egidi akifika nitamwambia hivi, bila mzaha: sisi hatugawanyiki, hawa ni wawili wawili, na kama fungu lako halijui kukaa na mwenzake basi lirudi lilikotoka, tutashona hata kwa sindano za mkono, hata chini ya bati la jirani. Mzaha utaniwasha ulimi. Lakini nitasema. Na kabla ya kusema nitamimina kwenye kikombe chako, ninywe mbele yake, halafu nimimine cha kwake nikiweke mkononi mwake, si mezani. Maana naye, masikini, ni mgeni. Nimefikiri sana ile chupa yake. Huenda hakuna aliyewahi kumwonjea.

Nilitaka nikwambie pia Keza amepata mchumba, mrefu huyo, anapiga chafya kama trekta, siku alipokuja kusalimia nyumbani kwa mara ya kwanza alika—

Ngoja. Goreti anapiga kelele huko: "Mama Keza weee! Huyo mgeni amefika, uji inapoa! Nani anaonja?"

Lala vizuri, dada. Mimi.

Mdogo wako