Ng'ombe wa Hisa

Kuru, epua hilo sufuria usome. Nimetoka sasa hivi kikao cha ile benki yetu ya wakulima tunayotaka kuianzisha.

Yule wakili tuliyemleta kutoka Kigoma mjini kapitia makaratasi yetu yote, kauliza swali moja tu: "Gharama za kuanzisha mmelipa kwa hela gani?"

Mwenyekiti wetu Pasikali akajibu, "Za hisa za wakulima." Na anatabasamu, Kuru! ANATABASAMU. Akataja kodi ya jengo, kibao, mpaka yule ng'ombe tuliyewachinjia watu wa Kitanga walipokuja kununua hisa.

Wakili akavua miwani. Eti hela za hisa haziguswi mpaka leseni itoke. Gharama za mwanzo waanzilishi wanatoa mfukoni mwao, na leseni isipotoka, imekula kwao. Turudishe yote ndipo tuombe leseni.

"Na ng'ombe?" Pasikali akauliza.

"Na ng'ombe."

Sisi tuliona ni heshima tu. Mtu katoka Kitanga na hela yake ya maharage, utamwacha arudi na njaa? Kumbe tulikuwa tunamlisha hela yake mwenyewe.

Waanzilishi tuko sita. Mimi ndiye niliyesaini wa kwanza, tena kwa maringo, si uliniona.

Hapa mama Immakulata wa Kitanga kanipigia. Anauliza benki inafunguliwa lini, anataka awe wa kwanza kwenye foleni. Na bado anashukuru kwa ile nyama.

Nimemwambia karibu sana, mama. Ningemwambia nini, Kuru?