Lenzi Tatu kwa Moja

Karatu, Jumapili asubuhi

Mama Rukia, mke wangu,

Pokea salamu zangu, na kabla sijaeleza lolote niambie kwanza: kifua cha mama kimepoa? Na Rukia bado analala na viatu? Mimi huku mwili ni mzima, nakula, nafanya kazi. Roho ndiyo haitulii. Nakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya kaunta ya duka, maana nikikaa nainuka.

Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Umeniuliza swali moja tu: hicho chumba cha Karatu kipo kweli au nakiota? Kipo. Kiko nyuma ya duka la Mzee Abdalla, yule mtu wa Kondoa aliyenipokea, ukuta kwa ukuta na kile ninachopigia picha. Kina dirisha na mlango unaofunga. Ila wiki hii nusura nikiache, nikuache na wewe ukingoja hapo Korogwe, niende zangu Kongo. Usiitupe barua, Zubeda. Isikilize mpaka mwisho.

Alipita hapa Mzungu mmoja, Bwana Erik, anayezunguka nchi za watu akipiga picha. Alitaka mtu wa kumpeleka Kreta, lile bonde la Ngorongoro, anayejua njia na anayeweza kuzungumza na wachungaji. Nikasema mimi. Unanijua, mtu akitaja safari miguu inaniwasha. Nikafunga chumba, nikazifunga lenzi zangu tatu kwenye ile kanga yako ya kijani, tukashuka.

Sasa nikueleze hizo lenzi, na usiseme tena kwamba nimeoa kamera. Ile fupi inameza chumba kizima, ukuta hadi ukuta. Ya kati ni ya uso wa mtu. Ndefu ni ya mnyama aliye mbali. Ukitaka kubadilisha unafungua hii unafunga ile, na kule bondeni vumbi halina adabu. Basi nikawa najifunika kanga kichwani, nabadilishia humo humo. Mchungaji mmoja wa Kimasai alisimamisha ng'ombe wake kunitazama, kisha akauliza, "Wewe, hicho kitu chako kinabadilisha nguo mara ngapi kwa siku?" Bwana Erik alicheka mpaka akapaliwa.

Yeye ana lenzi moja. Moja tu! Ina pete, akiizungusha huku anaona bonde, akiizungusha kule faru anamjia karibu kama mbuzi wa jirani. Na faru wakatokea kweli, jike na mtoto wake, wakavuka mbele ya gari. Mimi niko ndani ya kanga natafuta kifuniko. Kuchomoza kichwa, naona mikia. Mwenzangu alishawapiga wakiwa mbali, wakiwa karibu, na mtoto peke yake akimkimbilia mama yake. Lo! Wivu ulinishika njia nzima. Na nilipokuja kuosha filamu, yule mchungaji wangu amejaa madoa ya vumbi usoni, utadhani ana ndui.

Kesho yake Bwana Erik akanijia. "Salimu, tubadilishane. Nipe tatu zako, chukua hii yangu." Akanieleza kwamba picha za lenzi yake zinalegea pembeni, hazionekani wazi, na wenye gazeti lake wanalalamika. "Twende wote Uganda, kisha Kongo. Wewe utapiga vinavyokimbia, mimi nitapiga vilivyotulia. Kaa nayo mpaka Ijumaa, uione."

Nikampa zote tatu hapo hapo, pamoja na ile kanga yako. Hata sikuwaza.

Siku zilizofuata nilikaa mlangoni nazungusha pete kama mtoto. Nikamvuta fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, nikauvuta mlima Oldeani, nikaona niko safarini tayari. Nikamwambia Mzee Abdalla naondoka. Akauliza, "Na chumba cha mkeo?" Nikamjibu kwamba mke atangoja, amezoea. Yeye akaendelea kupima sukari. Mimi nilifurahi kwamba hakunipinga, ona nilivyokuwa.

Ijumaa wakaja watu wa kijiji cha Qurus, harusi. Bibi arusi, bwana arusi, wazazi, na bibi mmoja mzee sana. Wametembea toka kwao, na bwana arusi viatu vyake vipya kavibeba mkononi asije akavichafua, kavivaa mlangoni kwangu. Wanataka picha mbele ya pazia langu lililochorwa ndege ya abiria, kama kila mtu hapa. Nikawapanga, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, nikazungusha pete mpaka mwisho wake. Magoti! Chini ya magoti hakuna kitu, na yule bibi mzee ni nusu. Nikatoka nje nikapigie mlangoni, fremu ya mlango ikamla baba wa bibi arusi. Nikalitoa pazia nje, upepo ukalinyanyua ukamfunika yule bibi mzee gubigubi, tukarudi ndani na pazia letu.

Baba mtu akaniuliza kwa upole, "Fundi, miguu yetu huitaki?"

Na wewe unajua, hata huko kwetu ni hivyo hivyo, picha isiyo na miguu nani ataipokea? Ni kumfanya mtu kilema. Nikawaambia, "Nisubirini kidogo," nikakimbia kambini kwa Bwana Erik, kule njia ya Ngorongoro.

Nilimkuta anafunga mizigo. Nikamwomba lenzi fupi tu, mara moja, nitairudisha. Akakataa. "Zote au hakuna. Ukizichukua, mimi naondoka peke yangu." Hakuwa na hasira, alikuwa na haraka. Nikasimama pale. Zubeda, sitakuficha, niliitazama ile barabara inavyopanda kuingia msituni, nikawasahau wale watu kabisa. Nilitaka kwenda. Mpaka sasa nataka. Kilichonirudisha akili ni vile viatu, mtu kuvibeba njia yote hiyo ili vionekane. Nikampa lenzi yake, nikachukua tatu zangu ndani ya kanga yako.

Njiani nilijua sitawakuta. Nani angenisubiri muda wote ule? Nilipanga kuwaomba radhi siku ya soko. Ebo! Nafika, wamekaa vile vile nilivyowapanga, bibi na mikono yake magotini. Mzee Abdalla ananiambia aliingia kuwauliza fundi yuko wapi, bibi akamjibu, "Amekwenda kuchukua miguu yetu." Basi. Hakuna aliyedhani kwamba sirudi.

Mke wangu, nilishindwa kulenga. Macho yalijaa nikajifanya nafuta lenzi. Watu wasionijua wamekaa wakiniamini hivyo, na wewe umeningoja tangu Rukia hajaota meno, mimi nasema umezoea. Niliona haya, niliona haya sana. Ile fupi iliwameza wote, viatu, bibi, na ndege ya abiria juu yao.

Jioni nikasikia gari la Bwana Erik likipita. Nilitoka nje, nikalitazama mpaka halikuonekana tena. Iliniuma, na bado inauma.

Basi chumba kipo, na ni chako. Mje na mablanketi, huku baridi si mchezo. Kaka Hamisi awasindikize mpaka Arusha, pale muulizie lori la Mzee Abdalla linalobeba sukari, dereva nimeshamwambia. Mama nisalimie, mwambie asimamishe kazi ya shamba mpaka kifua kipone. Mama mkwe nampa shikamoo yangu, na shangazi anayekusomea barua hizi mwambie maneno ya mwisho hapa chini apunguze sauti. Rukia mbusu, mwambie baba anataka kumpiga picha, na viatu vyake atalala navyo huku akipenda.

Ulitaka nije kuwachukua mwenyewe. Usiningoje, Zubeda. Panda basi wiki hii. Mimi nikitoka tu hapa nikafika barabarani, wallahi sijui nitageukia upande gani.

Ni mimi mumeo,
Salimu